Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kutesti moduli kwenye vesheni za lugha ambazo bado zinapikwa

Hii kitu ni nini hasa?

Kila lugha ya programu inayotumika sana ina vesheni mbili zinazotembea sambamba, ile iliyotolewa rasmi ambayo watu wanafanyia kazi, na ile ambayo bado inatengenezwa, inabadilika kila siku na hakuna anayekuahidi chochote juu yake. Sasa kuna watu, wengi wao wanajitolea tu hawalipwi hata senti, wanachukua hiyo ya pili, wanaikompaili (wanaigeuza msimbo wake kuwa programu inayoendeshwa) kwenye mashine zao, alafu wanaiachia skripti iteremshe moduli (vipande vya programu ambavyo wengine wameandika ili vitumike tena) moja baada ya nyingine kutoka kwenye hazina ya lugha, iijenge, iendeshe testi zake na itume matokeo mahali ambapo kila mtu anaweza kuyasoma. Usiku na mchana. Kazi yenyewe ndo hiyo, hamna siri.

Waliobobea zaidi kwenye haya mambo ni watu wa lugha ya Perl. Hazina yao ya CPAN ipo tangu 1995 na CPAN Testers, yaani hao wanaojitolea upande wa Perl, walianza 1998, zamani sana kabla kila mradi haujawa na seva ya kuutestia. Kwa hiyo mifano mingi humu ni ya Perl, ila ukiwa mtu wa Python au Rust usiondoke, shida ni zile zile.

Kwani wanaotengeneza lugha hawana testi zao wenyewe?

Wanazo, tena nyingi mno. Lakini testi zao zinaangalia kile walichokusudia lugha ifanye, na watumiaji wanategemea pia vitu ambavyo hakuna mtu aliwahi kuvikusudia. Chukua hashi za Perl, yaani orodha ambazo kila thamani ina ufunguo wake. Nyaraka zilisema miaka yote kwamba funguo za hashi hazina mpangilio maalum, usiutegemee. Watu wakausoma huo mstari wakaitikia kwa kichwa, alafu wakaenda kuandika testi inayounganisha funguo na koma na kutegemea ipate "a,b,c" kila mara, kwa sababu kwenye mashine yao ilikuwa inatoka hivyo kila mara. Ikaja 5.18 mwezi Mei 2013, mpangilio ukaanza kubadilika kila ukiendesha programu, na sababu ilikuwa ya msingi kabisa, mtu akiweza kukisia mpangilio wa hashi anaweza kukutumia data iliyopangwa makusudi seva yako ikalala.

Lugha haikuvunja ahadi yoyote hapo, lakini moduli kibao zilifeli. Uzuri ni kwamba zilianza kufeli kwenye mfululizo wa 5.17, ule wa maendeleo, kwenye mashine za hao wanaojitolea, kabla mtu wa kawaida hajaapdeti seva ya kazini. Na nyingine zilipochunguzwa ikaonekana sio testi tu iliyokuwa mbovu, programu yenyewe ilikuwa na bagi ambayo ilikuwa inajificha nyuma ya bahati.

Nitajuaje vesheni ipi ni ya maendeleo?

Inategemea lugha. Perl, angalia namba ya katikati, ikiwa witiri ni ya maendeleo, shufwa ni ya watu wote. Kwa hiyo 5.41.x zote zilikuwa njia ya kuelekea 5.42. Hizo za witiri zinatoka karibu kila mwezi, mara nyingi kuzunguka tarehe 20, na katikati ya mwezi kama huna subira unachukua tawi lao kuu linaloitwa blead moja kwa moja. Python wanaweka herufi mwishoni, a, kisha b, kisha rc. Rust wana nightly inayotoka kila usiku na beta, na kila baada ya wiki sita beta inageuka kuwa toleo la kawaida.

Sawa, nataka kuendesha smoka yangu (mashine ya kutesti moduli namna hiyo). Naanzaje?

Kwanza kompaili lugha mwenyewe. Kwa Perl unateremsha msimbo wa vesheni ya witiri, unaingia kwenye folda, unaandika `sh Configure -des -Dusedevel` na kuongeza `-Dprefix` ya mahali pako mwenyewe. Ukisahau hiyo `-Dusedevel` Configure itakataa, inataka ukiri kwamba unajua unachofanya. Alafu `make`, `make test`, `make install`. Ukimaliza usishangae ukitafuta faili linaloitwa `perl` na usilione, vesheni za maendeleo zinajiweka na namba kwenye jina, `perl5.41.3` kwa mfano, ili zisikanyage Perl ya mfumo. Wengine wanatumia kifaa kinachoitwa perlbrew kifanye yote haya, nayo ni sawa tu.

Pili weka kifaa cha kutuma ripoti. CPAN::Reporter kipo kwa wanaosakinisha moduli kwa CPAN.pm, App::cpanminus::reporter kwa wale wanaosakinisha kwa cpanm. Kabla hujaanza weka `AUTOMATED_TESTING=1`, `NONINTERACTIVE_TESTING=1` na `PERL_MM_USE_DEFAULT=1` kwenye mazingira yako, maana kuna moduli ambazo wakati wa kujengwa zinauliza swali, unataka kuweka hiki au kile, na kama hakuna aliyekaa kwenye kibodi mashine itasubiri jibu mpaka kesho kutwa. Weka pia kikomo cha muda kwa kila moduli. Niamini kwenye hili la kikomo, kuna testi ambazo zikikutana na vesheni mpya hazifeli wala hazipasi, zinakaa tu.

Tatu, na hili wengi wanaliruka, jenga vesheni ya pili pembeni, ile rasmi ya mwisho, kwenye mashine ile ile, kwa machaguo yale yale ya kukompaili.

Mbona mnasisitiza sana vesheni mbili? Si naongeza kazi mara dufu?

Ndiyo unaongeza. Lakini ripoti inayosema "moduli fulani imefeli kwenye 5.41.3" peke yake haisemi kitu. Pengine inafeli kwenye zote. Pengine diski yako imejaa. Pengine testi inataka kufungua poti ambayo programu nyingine imeshaikalia, au inaandika namba yenye desimali wakati lokali (mipangilio ya lugha na nchi) ya mashine yako inatumia koma badala ya nukta. Ukiwa na matokeo ya pande mbili, inapasi kwenye 5.40 inafeli kwenye 5.41.3, mashine ile ile, saa ile ile, maktaba za C zile zile, hapo umeleta habari. Mtu anaweza kuamka akaifanyia kazi.

Mfano mzuri wa jinsi unavyoweza kudanganyika ni ule wa mwaka 2020. Time::Local ukiipa mwaka wa tarakimu mbili inaukisia kwa kuangalia tupo mwaka gani sasa, inachukua ulio ndani ya miaka 50 kwenda mbele au nyuma. Kwa hiyo mtu aliyeandika testi yenye "70" akimaanisha 1970 alikuwa salama miaka yote hiyo, mpaka kalenda ilipofika 2020 na testi za moduli kadhaa zikaanza kufeli bila mtu kugusa mstari hata mmoja. Ukiwa unaangalia vesheni ya maendeleo peke yake ungeapa kwamba ni komiti (badiliko moja lililohifadhiwa kwenye historia ya msimbo) ya jana imeharibu. Ukiendesha kwenye vesheni rasmi inafeli vile vile, unajua mhalifu ni kalenda.

Ni salama kweli kuendesha msimbo wa watu nisiowajua?

Hapana, na asikudanganye mtu. Kuendesha testi ni kuendesha programu, na mtu yeyote anaweza kupakia kitu kwenye hazina. Hata bila nia mbaya kuna testi zinazofuta folda, zinazotuma barua pepe, zinazojaza `/tmp` mpaka mashine inalia. Smoka ikae kwenye mashine pepe au kontena, kwa akaunti yake isiyo na nguvu za ruti, bila funguo zako za SSH, bila tokeni, bila folda yako ya nyumbani kuonekana kutoka ndani, na uwe unaweza kuifuta yote na kuirudisha upya ndani ya dakika chache. Kuendesha smoka kwenye laptopu ile ile unayofungulia akaunti ya benki ni kujitakia.

Lazima niwe na mashine kubwa?

Hata kidogo. Tena mashine ya ajabu ajabu ina thamani kuliko seva kubwa ya kawaida. Linux kwenye prosesa za kawaida ina watu wa kutosha, lakini ukiwa na FreeBSD, OpenBSD, ARM ya zamani, au Windows iliyokaa vizuri, ripoti zako chache zitasomwa kwa hamu. Na kama unayo Linux tu basi badilisha machaguo ya kukompaili. `-Dusethreads` inafichua mambo ya nyuzi (kazi zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu moja), `-Duselongdouble` na `-Dusequadmath` zinaumbua kila testi inayolinganisha namba za desimali kwa alama ya sawasawa, na `-DDEBUGGING` inawasha ukaguzi wa ndani ambao kwa kawaida umezimwa, inakuwa polepole kweli lakini inakamata vitu ambavyo pengine vingepita kimya kimya.

Mimi ni mwenye moduli. Nimeletewa ripoti imefeli kwenye vesheni ambayo hata haijatoka. Nipuuze?

Naelewa unavyojisikia, umetoa moduli bure, inafanya kazi, alafu kuna mtu anakwambia imevunjika kwenye kitu ambacho hakuna mtumiaji wako anakitumia. Ila usipuuze, maana hiki ndo kipindi pekee ambacho una sauti. Kabla ya toleo kutoka unaweza kwenda kwa timu ya lugha ukasema hili badiliko linanivunja na mimi nina watumiaji, na wao wanaweza kulirudisha nyuma, kulipunguza makali au kuliahirisha. Likishatoka rasmi hakuna wa kulirudisha, kwa sababu kuna wengine tayari wameshalitegemea, unabaki kurekebisha wewe tu huku watumiaji wanakupigia kelele.

Fungua logi, nenda kwenye testi ya kwanza iliyofeli, sio ya mwisho. Zile 40 zinazofuata mara nyingi ni matokeo ya ile ya kwanza. Angalia vitu gani moduli yako inavitegemea na kama navyo vimepasi, maana moduli moja kubwa ya chini ikivunjika kila iliyo juu yake inafeli kwa mafuriko, na hapo huna cha kurekebisha, unasubiri.

Tutajuaje kosa ni la nani, lugha au moduli?

Unatafuta komiti. Lugha ina historia yake yote kwenye git, mfumo unaotunza kila komiti, unajua vesheni ipi ilipasi na ipi imefeli, kwa hiyo unagawa katikati, unajenga, unatesti, unagawa tena. `git bisect run` inafanya hiyo kazi yenyewe, komiti 1000 zinaisha kwa kujenga mara kumi hivi, na ile skripti yako ikirudisha 125 git inajua komiti hiyo haijengeki, iruke. Perl wana `Porting/bisect.pl` ndani ya msimbo wao ambayo inajua hata mbinu za kujenga vesheni za zamani ambazo kompaila za leo zinazikataa. Ukiwa umelala inakuletea jibu asubuhi.

Ukishaipata komiti swali linabadilika, halibaki tena nani mkosaji, linakuwa nani abadilike. Hapo mimi naonaga watu wanagombana bure. Watu wa Perl wana tiketi zao kabisa za kusema blead imevunja CPAN, zinafunguliwa upande wa lugha na mara nyingi moduli ndo inaishia kurekebishwa, lakini mjadala umefanyika hadharani na kila mtu ameona sababu. Angalia 5.26, Mei 2017, walipoondoa nukta, yaani folda uliyopo sasa hivi, kwenye orodha ya mahali ambapo Perl inatafuta moduli. Ilikuwa ni tundu la usalama, ukiendesha programu ndani ya folda ya mtu mbaya inaweza kubeba moduli yake. Wakajua itavunja moduli nyingi sana zilizozoea kusoma kitu kutoka `inc/`, kwa hiyo vifaa vya kusakinisha moduli vikawekewa `PERL_USE_UNSAFE_INC=1` kama ngazi ya kuvukia wakati wenye moduli wanajirekebisha. Hiyo ngazi isingejengwa bila mtu kuona mapema ni moduli ngapi zitaanguka.

Mimi ni wa Python, nina CI (seva inayotesti msimbo wangu kila ukibadilika) tayari. Hiyo haitoshi?

Inasaidia sana, mradi umeongeza vesheni ijayo kwenye orodha yako. Wengi hawajaongeza. Python inatoka kila mwaka mwezi Oktoba, na kuanzia beta ya kwanza, kwenye mwezi Mei, vitu vipya haviingii tena, kwa hiyo kati ya Mei na Oktoba una muda wa kutosha. Mfano 3.12 ya Oktoba 2023 iliondoa distutils, maktaba ya zamani ya kufungasha na kusakinisha moduli, moja kwa moja. Ilikuwa imeshatangazwa kitambo, na bado siku ya kutoka kuna watu walishangaa `import distutils` imekataa.

Kwenye GitHub Actions, CI ya GitHub, weka `allow-prereleases: true` na kwa vesheni hiyo ijayo peke yake weka `continue-on-error: true`, ili isiwazuie watu kuingiza mabadiliko yao. Namba ya vesheni iweke ndani ya alama za kunukuu. Ukiandika `python-version: 3.10` bila alama, YAML (muundo wa faili hilo la mipangilio) inaisoma kama namba ya desimali, sifuri ya mwisho inayeyuka, unajikuta umeomba Python 3.1 na mashine inakwambia haipo. Watu wa lugha ya Go nao walikutana na hiyo hiyo kwenye 1.20.

Ingine, ukiiweka kwenye ratiba ya kila wiki kumbuka kwamba kwenye hazina ya wazi isiyo na shughuli kwa siku 60 GitHub inaizima ratiba. Sasa moduli iliyotulia, isiyoguswa muda mrefu, ndo hasa inayohitaji kutestiwa na vesheni mpya kwa sababu hakuna anayeiangalia! Ndo maana smoka za watu wa nje zina kazi yao hata kama kila mtu ana CI, wao wanazunguka hata kwa moduli ambazo mwenyewe alishaondoka.

Na Rust je? Nasikia wana Crater.

Crater ni kitu kizito, inajenga maktaba za crates.io, hazina ya Rust, na miradi iliyopo GitHub kwa kompaila mbili, ya zamani na mpya, inalinganisha. Unaona hapo? Mbili. Tofauti ni kwamba inaendeshwa na mradi wenyewe, sio watu wenye mashine za nyumbani, na Perl wanapata mashine za kila aina wakati Crater inapata upana.

Ila kujua hakutoshi. Rust 1.80 ilipotoka Julai 2024 vesheni za zamani za maktaba ya `time` ziligoma kukompaili, sababu ni nyongeza ndogo ya maktaba ya kawaida iliyoifanya kompaila ishindwe kukisia aina iliyokuwa inaikisia mwanzo. Crater ilishaonyesha hilo kabla. Wakaamua liende, marekebisho yalishakuwepo kwenye 0.3.35, na wenye faili za zamani za Cargo.lock, zinazoshikilia mradi kwenye vesheni zile zile za maktaba, wakaamkia kwenye makosa. Mi naona ulikuwa uamuzi mbaya, wengine watakwambia ni halali kwa sheria zao na wana hoja. Kwa vyovyote mashine ilifanya kazi yake, waliobaki ni watu.

Kwenye ripoti za CPAN Testers, FAIL, NA, UNKNOWN, zinatofautianaje?

PASS na FAIL unazijua. NA ni kwamba moduli yenyewe imesema haifai hapa, labda mfumo wa uendeshaji hauungi mkono au Perl ni ya zamani mno. UNKNOWN hakuna testi za kuendesha au matokeo hayasomeki. Wenye moduli, kama haifanyi kazi kwenye Windows toka na ujumbe `OS unsupported` mwanzoni kabisa wa Makefile.PL, ile skripti ya kuandaa ujenzi wa moduli, utapata NA badala ya lundo la FAIL.

Nimetuma ripoti, mwenye moduli kaniambia nimemjazia takataka.

Saa ingine ana haki. Soma ripoti zako mwenyewe kwanza, angalau zile ambazo ni wewe tu umefeli na wengine wote wamepasi, hapo mashine yako ndo mshukiwa namba moja. Kama ni tatizo la kweli mwandikie kwa adabu, mpe amri kamili ya kulirudia, mpe komiti ukiwa umeitafuta, na ukiweza mpe na kiraka, yaani marekebisho ya msimbo yaliyo tayari. Kwenye kiraka usimwandikie `if $] >= 5.041003` (yaani ikiwa Perl ni 5.41.3 au zaidi) kama unaweza kuandika kitu kinachofanya kazi pande zote mbili, maana lugha ikibadili mawazo mwezi ujao hiyo sharti inabaki pale inadanganya watu miaka.

Mashine yangu bado ina vesheni ya dev ya miezi mitatu nyuma. Ripoti zake zina maana?

Kidogo sana. Bagi unayoripoti huenda imerekebishwa zamani na unawapotezea watu muda. Jenga mpya kila inapotoka, na usibebe moduli zilizosakinishwa kutoka kwenye ile ya zamani, kati ya vesheni za maendeleo hakuna ahadi kwamba moduli zilizokompailiwa kwa C zitaelewana, utapata programu inakufa ghafla bila ujumbe na utamlaumu asiyehusika. Anza na folda tupu. Ile rasmi ya pembeni unaweza kuiacha mpaka toleo jingine rasmi litoke, ila moduli zake nazo ziapdeti siku hiyo hiyo unayojenga mpya, la sivyo zile pande mbili hazilingani tena.